Barua ya Wazi kwa Matajiri wa Lamu: Zamu Tuandikiane

Kwa matajiri wa nyumba za wageni, mikahawa, maduka na karakana za Lamu na Shela, na kwa mameneja mliowakabidhi funguo,

Assalaam aleikum.

Leo ni Alhamisi usiku, nami Alhamisi usiku hupanga zamu. Daftari liko mbele yangu, penseli na raba kando, na kama kawaida raba ndiyo inayochoka kwanza. Huu ni mwaka wa saba napanga zamu za watu tisa katika nyumba ya wageni ya vyumba kumi, upande wa Langoni. Kabla ya hapo nilikaa mapokezi kwa tajiri mwingine, na kabla ya hapo nilitandika vitanda Shela. Tajiri wangu wa sasa anajua naandika barua hii. Alisema, "Andika, lakini usinitaje, nisije nikaletewa wafanyakazi wa mji mzima." Basi simtaji. Ninaloomba ni hili: saa za kazi zipindwe kwa hali ya mfanyakazi pia, si kwa yenu tu, na tukikubaliana tuandikiane.

Nianze na maji. Nilipokuwa Shela tulikuwa wanawake wanne tuliotoka mjini kila asubuhi kwa miguu, tukifuata ufuo, kama kilomita tatu. Nauli ya boti ya kwenda na kurudi kila siku ingeumaliza mshahara kabla haujafika nyumbani. Zamu yetu iliandikwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mwezi mzima, mwaka mzima. Asiyeijua Lamu hataona tatizo hapo, na meneja wetu hakuliona kwa kuwa alilala palepale kazini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa huku kwetu kwenye saa kumi na saa kumi na moja jioni. Yaani tunafunga mlango wa stoo, na ufuo umeshamezwa, mawimbi yanapiga kuta za nyumba za watu. Hapo ni kutoa nauli, au kukaa kitako kwenye ngazi kungoja yapwe, ufike kwako Isha imeadhiniwa na watoto wamelala na njaa. Siku nyingine tulikunja mabuibui tukapita kwenye maji ya magoti, viatu mkononi.

Na kazi yenyewe? Wageni hutoka vyumbani saa nne. Kufika saa nane vyumba vyote vilikuwa vimekwisha. Kuanzia saa nane hadi saa kumi tulikunja taulo zilizokwisha kukunjwa, ili meneja akipita akute mikono inakwenda.

Maji hayafanyi siri. Yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na mvuvi yeyote ukimwambia leo ni siku ya ngapi ya mwezi mwandamo atakwambia yanajaa saa ngapi. Baada ya juma moja hivi mambo yamegeuka: siku za maji mafu bahari hujaa asubuhi kwenye saa nne au saa tano, na jioni ufuo uko mweupe. Kwa hivyo dawa ilikuwa mbele ya macho. Siku tano za bamvua tutoke saa nane. Siku tano za maji mafu tukae hadi saa kumi na mbili, tufanye zile kazi zinazotaka utulivu: kufua mapazia, kusugua shaba, kuhesabu mashuka. Saa za mwezi zisingepungua hata moja. Mkubwa wetu kwa umri, mama wa watu wazima, alimweleza meneja hayo kwa adabu zote. Jibu lilikuwa, "Saa ni saa." Kabla mwaka haujaisha wawili waliacha kazi, na mimi nikawa wa tatu. Nasikia meneja alisema wanawake wa Lamu hawapendi kazi.

Nikaenda mapokezi, mjini, na huko ndiko nilikojifunza uongo. Mamangu ana sukari. Kliniki yake ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, asubuhi. Nilimwomba tajiri yule niingie saa nane mchana Jumatano hiyo moja, nifidie Jumapili. Akaniambia, "Nikikupa wewe kila mtu atataka." Sikubishana. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi nikawa naumwa na kichwa. Saa moja asubuhi napiga simu, sauti nimeilegeza kama ya mzazi wa siku tatu, na tajiri anaanza kuhangaika kumtafuta wa kunishikia. Angeweza kunikosa kwa saa sita huku akijua tangu mwezi uliopita. Badala yake alinikosa siku nzima, akajulishwa asubuhi ileile, na mgeni amesimama mbele ya meza na begi lake.

Sikuwa peke yangu. Leo niko upande wa pili wa meza, na ninapopokea simu ya asubuhi najua homa ya kweli inasikika vipi. Nyingi ya zile nyingine ni hitima, ni kliniki ya mtoto, ni shule imemrudisha mwana kwa karo, ni mashua ya Pate iliyosubiri maji. Mfanyakazi angesema ukweli kama ukweli ungemfaa.

Najua baadhi yenu mtasema mambo ya saa za kupangika ni ya maofisi ya Nairobi, ya watu wa kompyuta. Jamani! Hebu tuangalie mji wetu. Ramadhani ikiingia, kazi zinageuka kichwa chini miguu juu, na hakuna biashara iliyokufa kwa hilo. Ijumaa mchana Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unanyamaza. Mwisho wa Rabiulawwal, Maulidi yakifika, mji unajaa watu hadi kwenye mabaraza na kila mtu anafanya kazi za watu wawili. Kusi, ule upepo wa kusini, ikishika, mwezi wa tano hivi, gesti nyingi zinafunga milango, na wafanyakazi wanaambiwa, "Kaeni nyumbani, tutawaita." Ndege ikichelewa kutua Manda, "Kaa kidogo, mgeni anakuja," na kidogo hicho huwa saa tatu. Saa nne usiku simu inalia, ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa meneja: kesho njoo saa kumi na mbili alfajiri.

Huko kote ni kubadilika. Sisi tunapinda kila siku, na tumezoea hata hatuoni kama ni kitu. Ninalowaambia ni moja tu, na barua nzima ni hilo: kupinda kwenu nako kuwepo, na kuandikwe.

Msiniambie haliwezekani. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ya korona ya nchi nzima ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mliipanga upya mikahawa yenu kwa siku mbili. Mpishi aliyekuwa hawezi kabisa kutoka kabla ya saa nne usiku akawa yuko kwake Magharibi. Wengine mlihamisha kazi ya kupokea oda ikafanywa na mtu aliyekaa nyumbani na simu yake. Na kabla ya hapo, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, Lamu yetu ilikuwa imeshaonja kafyu yake peke yake. Mlibadilika kwa amri ya serikali, tena haraka. Kilichokosekana wakati huu ni amri tu.

Nahodha hulegeza demani, ile kamba ya tanga, upepo ukizidi, kisha huivuta. Akiifunga akalala, atalipia tanga.

Sasa nije kwenye sheria, kwa ufupi, maana wengi wenu huidhani adui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikuwakataza kupanga saa kwa namna nyingine. Inataka vitu vichache. Mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na saa za kazi zitajwe humo. Mkibadilisha, mshauriane naye kwanza, kisha mabadiliko yaandikwe na apewe. Kanuni za jumla za mishahara zinataja saa 52 kwa wiki ya siku sita, na zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu, au mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu. Baadhi ya sekta zina kanuni zao, kwa hivyo kila mmoja aangalie ya kwake. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, na mfanyakazi akikubali inaweza kugawanywa vipande. Hiki kipande cha mwisho wengi hawakijui, nacho ndicho chenye faida kubwa kwa mji wa msimu kama huu: nusu aichukue kusi, wakati vyumba vitupu, nusu aiweke kwa harusi ya dadake.

Ila kuna jambo moja mnalifanya na mnalijua. Mnamweka mtu kibarua, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, kisha mkiulizwa mnasema, "Kwetu kuna uhuru, kila mtu anakuja anapoitwa." Sheria hiyohiyo inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, kazi yake inageuka kuwa ya mkataba wa mwezi, pamoja na haki zake. Kumwita mtu unapotaka na kumwacha unapotaka si uhuru wake. Ni wako.

Na wanaonyonyesha. Sheria ya Afya ya 2017 inawapa muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Katika mji huu ambao mtoto yuko vichochoro vitatu kutoka kazini, ni aibu mama kukamulia maziwa chooni.

Sasa niwaeleze tulivyofanya sisi, kwa sababu maneno matupu nimeyasikia ya kutosha kwenye semina za hotelini, zile zenye sambusa na kalamu ya bure.

Tulikaa usiku mmoja baada ya Isha, darini, wafanyakazi na tajiri, na birika la kahawa. Swali la kwanza halikuwa nani anataka nini. Tuliuliza: ni saa gani ambazo lazima awepo mtu, na akikosekana mgeni ataumia? Tukaandika. Kiamsha kinywa, saa moja hadi saa nne. Mapokezi asubuhi wageni wanapotoka, na boti za uwanja wa ndege zinapofika gatini. Vyumba, saa nne hadi saa nane. Mlinzi usiku. Tulipomaliza, tajiri aliitazama ile karatasi muda mrefu. Saa zilizobaki, na zilikuwa nyingi, zilikuwa mazoea tu. Aliwahi kuwa na watu watano wamekaa saa tisa alasiri kwa sababu babake alikuwa na watu watano wamekaa saa tisa alasiri.

Kisha kila mmoja alitaja jambo moja asiloweza kulisogeza na jambo moja analoweza kulibeba. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimefanya kazi na watu miaka na siwajui. Mpishi, ambaye sote tulidhani anachukia asubuhi, asubuhi ndiyo aliyoitaka. Alichochoka nacho ni kukaa mchana kutwa akingoja chakula cha jioni cha wageni wawili. Sasa anatoka saa tano, anarudi saa kumi na moja, siku zenye oda tu, na oda ya jioni lazima itolewe kabla ya saa sita mchana. Wageni hawajalalamika. Mgeni ukimwambia samaki hununuliwa baada ya yeye kuagiza, anafurahi zaidi.

Mtunza hesabu wetu anakaa Mokowe. Kila siku alivuka bahari kuja kuandika namba kwenye kompyuta iliyo kando ya mlango, watu wakimpitia na kumuuliza habari za asubuhi. Sasa anafanya kwake siku tatu, anavuka siku mbili. Tajiri anamlipia bando la intaneti, na hili nalisema kwa herufi kubwa za moyo wangu: mkimtuma mtu afanyie kazi nyumbani kwa bando lake mwenyewe, mmempunguzia mshahara kimyakimya. Stima ikikatika kwao, anapiga simu mapema na siku inahamishwa. Makosa ya hesabu yamepungua, kwa maneno ya tajiri mwenyewe, ambaye si mtu wa kusifu ovyo.

Wanawake wawili wamegawana kazi moja ya vyumba, siku tatu kwa tatu. Mmoja ananyonyesha, mwingine anashona kofia za vito na zina soko. Kila mmoja analipwa nusu, na michango ya NSSF na ya bima ya afya inakatwa kwa kila mmoja kivyake. Mwanzoni tajiri aliguna kwamba atajaza fomu mbili kwa kazi moja. Kweli, anajaza mbili. Lakini mmoja akiugua, mwenzake anaijua kazi kama kiganja chake, na hatutafuti mtu wa mtaani wa kufundishwa namna ya kufunga chandarua.

Kisha kuna kanuni ya kubadilishana zamu. Ukitaka kubadilishana, niletee jina la atakayekushikia kabla ya saa kumi ya siku iliyotangulia. Basi. Sababu sikuulizi. Hili tajiri lilimkalia shingoni kuliko yote. "Nisijue mtu anakwenda wapi?" Nikamwambia, ukiuliza sababu utaletewa sababu, na sababu nzuri haiwi ya kweli kila mara. Msiba uko nje ya kanuni hii. Sheria haikutaja likizo ya msiba, lakini sisi huzika siku ileile, na kaburi halingoji saa kumi ya jana. Mtu akifiwa anaondoka, tunajipanga waliobaki.

Je, yote yalikwenda sawa? Wapi! Mwezi wa kwanza tulikuwa na deni la saa lisilo na kitabu. Msichana mmoja alisema anadai saa kumi na moja, tajiri akasema ni nne, na wote wawili walikuwa tayari kuapa. Niliwapa nusu kwa nusu nikalala vibaya. Tangu hapo kila Alhamisi saa zinaandikwa mbele ya kila jina, mwenyewe anatia sahihi, tajiri anatia sahihi, na deni halivuki miezi miwili bila kulipwa, kwa mapumziko au kwa pesa. Anayetaka kuanza bila daftari nampa pole mapema.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na ni langu. Nilimsahau mlinzi. Ni mzee wa Faza, kisiwani Pate, hana mdomo, na usiku alipokuwa akija sisi tulikuwa tunaondoka. Mwezi wa pili aliniambia kwa upole ulioniumiza, "Mwanangu, mmegawana mchana, usiku mmeniachia mimi." Alikuwa na ofu moja kwa wiki kama wengine. Lakini ofu moja kwa mtu wa Faza ni nini? Mashua hupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa. Aende leo, arudi kesho, na maji hayakubaliani na karatasi yangu. Kwa miaka alizilala ofu zake kwenye kibanda cha nyuma. Sasa mwenzake wa bustani amejifunza ulinzi, na mzee anapata siku nne mfululizo kila mwezi, tukizihesabu kwa maji, pamoja na siku yake ya mapumziko ya kila wiki. Anarudi na samaki wakavu, na maneno mengi kuliko zamani.

Kwa hivyo msianze na mapokezi na wenye simu nzuri. Anzeni na anayelala kazini.

Nazijua hoja zenu, nimezisikia kwenye mabaraza. Ya kwanza, wataiba saa. Wanaoiba wanaiba sasa hivi, mbele yenu, wakikunja taulo. Chumba kimesafishwa au hakikusafishwa. Hesabu imefungwa au haikufungwa. Hivyo vinaonekana bila mtu kusimamiwa. Ya pili, kila mtu atataka. Naam, na nusu yao wakitaka kitu tofauti ndiyo furaha ya mpanga zamu, maana anayetaka asubuhi ananiondolea anayeikimbia. Balaa ni wote wakitaka Ijumaa jioni. Hapo tunazungusha, na mwenye watoto hapewi cheo juu ya asiye na watoto. Kijana mmoja anataka jioni zake za kucheza mpira, na mpira wake ni haki kama kliniki ya mamangu.

Ya tatu ni ya kweli, siwezi kuikana: duka dogo lenye mtu mmoja au wawili. Hapo nafasi ni finyu. Lakini maduka ya zamani ya mji huu yalifungwa Adhuhuri yakafunguliwa Alasiri, na wateja walijua. Mwenye duka anayemweka msichana mmoja tangu saa mbili hadi saa tatu usiku, ili auze sabuni mbili saa nane mchana kwenye jua la kuua punda, ajiulize hiyo ni biashara au ni ukaidi. Karakana za milango na vitanda vya kuchonga ndizo rahisi kuliko zote: fundi analipwa kwa kipande. Mwachieni achague saa ya patasi yake, mradi siku ya kukabidhi mlango aiandike na kuitimiza.

Gharama zipo. Kupanga kunachukua usiku wangu mzima, na nalipwa kwa usiku huo, nanyi mlipeni wa kwenu. Bando lina bei. Kumfundisha mtu kazi ya pili kunakula wiki mbili. Na tajiri anapoteza ile raha ya kuingia na kuwakuta watu wote wamesimama.

Neno kwa mliotoka Ulaya mkanunua nyumba Shela na kuzigeuza za wageni. Wapo kati yenu wa Uingereza. Kwenu, tangu Aprili 6, 2024, mfanyakazi ana haki ya kuomba saa au mahali tofauti pa kazi kuanzia siku yake ya kwanza, mara mbili kwa mwaka, na mwajiri anatakiwa kumjibu ndani ya miezi miwili. Haki hiyo ilianza na wazazi wa watoto wadogo mwaka 2003, ikapanuliwa kwa wafanyakazi wengine 2014. Ni haki ya kuomba na kujibiwa tu, hata kukubaliwa hakumo. Huku kwetu anayeomba huambiwa hana shukrani. Mmeleta mashine za kahawa na godoro za springi. Na hili lingeingia kwenye shehena.

Ninachoomba ni kidogo. Mwezi huu kaeni na watu wenu usiku mmoja, na karatasi. Andikeni zile saa za lazima. Jaribuni kwa miezi mitatu, kabla ya msimu wa Desemba haujawashika koo, na muwaambie wazi kwamba ni majaribio, ili likishindikana lirudishwe bila lawama. Mlichokubaliana kiandikwe, mfanyakazi abaki na nakala yake. Kama una mtu anayetoka mjini kwenda Shela kwa miguu, mwulize leo anarudi saa ngapi siku za bamvua. Uliza tu, ungoje jibu.

Daftari langu liko mezani, na tajiri ameniruhusu kulionyesha. Mwenye kutaka kuliona aje baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo asubuhi niko kliniki na mama, na mchana huo huwa nina kazi nyingi za kufidia.

Wassalaam,

Mpanga zamu,
Langoni, Lamu